Kisukari na Macho: Tukague Kabla ya Hasara

(Mazungumzo ya mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama wa vyama vya msingi)

Nimezoea kusimama mbele yenu kuzungumza juu ya leja, stakabadhi na mizania. Leo Ndugu Mwenyekiti ameniruhusu nizungumze juu ya jambo jingine, nalo ni ugonjwa wa kisukari na jinsi unavyoharibu macho. Mimi si tabibu. Nitakayoyasema nimeyapata kwa kuwauliza waliosomea kazi hiyo na kwa kusoma. Sababu iliyonifanya niulize ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe kazini. Nitaanza na kosa hilo, kwa maana mtu anayekagua vitabu vya wenzake hana budi akubali na vyake vikaguliwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Jina lake sitalitaja. Katibu wake alikuwa mtu mzima aliyepita miaka hamsini, ambaye kwa muda mrefu vitabu vyake vilikuwa vikisifiwa kwa usafi. Safari ile nilikuta tarakimu zimeruka mistari. Palipostahili 3 paliandikwa 8. Uzito wa kahawa ya mkulima mmoja uliingizwa katika ukurasa wa mwingine, na stakabadhi mbili hazikuingizwa kabisa. Nilipomtaka anisomee nakala ya kaboni, alikipeleka kitabu dirishani, akakigeuzageuza, kisha akasema kwamba miwani ameisahau nyumbani.

Niliandika katika taarifa yangu kwamba katibu amekuwa mzembe, na kwamba kamati ichunguze kama hakuna fedha iliyopotea. Kamati ikamsimamisha kazi. Hesabu zikarudiwa stakabadhi kwa stakabadhi, na haikukosekana hata senti moja. Ndipo ilipojulikana kwamba mzee yule alikuwa na kisukari kwa miaka 11. Alikuwa akimeza vidonge siku anazojisikia vibaya, na kuviacha siku anazojisikia vema. Hakumwambia mtu, kwa kuogopa kunyang'anywa kalamu. Daktari wa macho alipomtazama alikuta jicho la kushoto limekwisha kuvuja damu ndani na kuharibika, na la kulia likiwa mbioni kulifuata.

Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akaniambia: "Mdogo wangu, vitabu vyangu ulikuja kuvikagua kila mwaka. Macho yangu hakuna aliyeyakagua hata mara moja."

Ndugu zangu, maneno yale ndiyo yaliyonileta hapa leo.

Ugonjwa wenyewe

Chakula tunachokula, hasa cha wanga na sukari, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ndiyo kuni za mwili. Ili iingie katika viungo na kutumika, huhitaji maji maji yanayoitwa insulini, yanayotengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana, au ikiwapo lakini mwili ukawa mgumu kuitii, sukari hubaki ndani ya damu na kuzidi kipimo. Hicho ndicho kisukari.

Aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana, nao hawawezi kuishi bila sindano za insulini. Aina ya pili ndiyo iliyo nyingi zaidi. Huwapata hasa watu wazima, na huja polepole hata mtu akakaa nayo miaka mingi bila kujua.

Zamani tulidhani kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa mjini. Mwaka 1989 Dokta Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji vya Tanzania, vikiwamo vya Kilimanjaro. Wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu mijini na vijijini, ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila 100 miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hata tukikumbuka kwamba chunguzi hizi mbili hazikufanywa kwa namna moja, tofauti hiyo si ndogo. Katika mkutano mkuu wa chama chenye wanachama 300, yatupasa tuamini kwamba wapo wenye kisukari ndani ya ukumbi, na kwamba baadhi yao hawajijui.

Jinsi jicho linavyoharibika

Nyuma ya jicho, kwa ndani, upo utando mwembamba uitwao retina. Mwanga unaoingia jichoni huangukia hapo, na hapo ndipo picha ya kila tunachokiona hupokewa na kupelekwa kwenye ubongo. Utando huo hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba mno.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika. Kwanza hutokea vivimbe vidogo kama vichwa vya sindano, kisha mishipa huanza kuvuja maji, mafuta na damu. Maji yakikusanyika katikati ya retina, mahali tunapopatumia kusomea na kutambulia nyuso za watu, maandishi huanza kupinda na kufifia. Mahali pengine mishipa huziba. Sehemu ya retina inayokosa damu huita msaada, na mwili huotesha mishipa mipya. Msaada huo ni wa hatari, kwa maana mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka kwa urahisi, humwaga damu ndani ya jicho, na makovu yake huweza kuivuta retina hata ikabanduka.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Mambo haya yote huweza kuendelea kwa miaka bila maumivu yoyote na bila kupungua kwa uwezo wa kuona. Mtu husoma gazeti vizuri, huchambua kahawa vizuri, na huku mishipa inavuja. Siku anapoona vidoa vyeusi vikielea mbele ya macho, au pazia limeshuka ghafla, hasara imekwisha kutokea. Kwa hiyo asemaye, "Macho yangu ni mazima, naona vizuri," hajatoa ushahidi wowote. Ni sawa na mweka hazina anayesema kwamba hesabu zake ni safi kwa kuwa hakuna mwanachama aliyelalamika.

Katika uchunguzi mkubwa wa Uingereza, nitakaoueleza baadaye, zaidi ya theluthi moja ya watu waliogunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili walikutwa tayari na dalili katika retina wakati ule ule walipogunduliwa.

Fedha ya sandukuni na hesabu ya leja

Makatibu mnajua kwamba kuna njia mbili za kupima hali ya fedha ya chama. Ya kwanza ni kufungua sanduku na kuhesabu noti zilizomo siku ile. Ya pili ni kupitia leja na kuona fedha ilivyoingia na kutoka miezi yote. Damu nayo ina vipimo viwili.

Kipimo cha kuchoma kidole huonyesha sukari ya saa ile. Mtu asiyekula tangu usiku akikutwa na milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, huyo ana kisukari. Kipimo hiki ni cha lazima, na anayetumia insulini hukihitaji mara kwa mara. Lakini kina udhaifu wa sanduku. Wako wagonjwa wanaojinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki ili wasifiwe na muuguzi. Mnawajua ndugu zao: ni wale wanaokopa fedha kwa jirani ili sanduku lijae siku ya mkaguzi. Mkaguzi huondoka ameridhika, na chama hufilisika.

Kipimo cha pili huitwa HbA1c. Sukari ya damu hujishikiza katika chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kiasi cha siku 120. Kwa kupima sehemu iliyoshikwa na sukari, daktari hupata wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Hapo hakuna wa kumdanganya. Kwa watu wazima walio wengi shabaha ni kushuka chini ya asilimia 7, ingawa daktari huweza kuweka shabaha nyingine kwa mzee sana au kwa mtu ambaye sukari yake huporomoka kwa urahisi. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu amweleze daktari, maana kwake kipimo hiki chaweza kupotosha.

Yaliyothibitishwa

Tangu insulini ilipogunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, waganga walibishana kwa miaka mingi: je, kuishika sukari barabara kunayalinda macho kweli, au jicho la mgonjwa wa kisukari limekwisha kuandikiwa? Jibu lilipatikana kwa kazi ndefu.

Kuanzia mwaka 1983 hadi 1993, watu 1,441 wa Marekani na Kanada wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitibiwa kwa kawaida ya siku zile. Fungu la pili lilijipima na kujidunga mara nyingi zaidi kila siku, wakaishusha HbA1c hadi kiasi cha asilimia 7, wenzao wakiwa kwenye asilimia 9. Wale ambao macho yao yalikuwa hayajaguswa, hatari ya kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Wale ambao yalikwisha kuanza, kuendelea kwa ubovu kulipungua kwa asilimia 54.

Uchunguzi wa Uingereza nilioutaja ulianza mwaka 1977 na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1998. Huo ulihusu zaidi ya watu 5,000 wenye kisukari cha aina ya pili, ndicho hiki kilicho kingi kwetu. Kupunguza HbA1c kutoka kiasi cha asilimia 7.9 hadi 7.0 kulipunguza kwa robo nzima madhara ya mishipa midogo, ambayo ni ya macho na figo. Aidha, wale waliolishika vizuri shinikizo la damu, ubovu wa retina uliendelea kwa asilimia 34 pungufu kuliko wenzao. Kwa hiyo mwenye kisukari asipimwe sukari tu. Apimwe na shinikizo la damu, na dawa zake zote mbili azifuate.

Lipo na jambo la tatu ambalo mtu wa hesabu huelewa upesi. Uchunguzi wa Marekani na Kanada ulipokwisha, mafungu yote mawili yalipewa mafunzo sawa, na sukari zao zikakaribiana. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye, waliokuwa wameishika sukari mapema waliendelea kuwa na macho bora. Mwili hukumbuka. Miaka iliyotunzwa vizuri ni akiba inayoendelea kuzaa, na miaka iliyopuuzwa ni deni linalodai hata baada ya mtu kutubu. Anayeambiwa leo kwamba ana kisukari asiseme ataanza mwakani.

Tahadhari mbili

Nisiwaonyeshe upande mmoja wa mizani. Tahadhari ya kwanza ni kwamba anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, sukari yake huweza kushuka mno. Katika uchunguzi ule wa Marekani na Kanada, kushuka kwa hatari kulitokea kama mara tatu zaidi kwa walioishika sukari kwa nguvu. Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Mtu huyo, iwapo ana fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja maji ya sukari au soda ya sukari, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu asilazimishwe kunywa, apelekwe hospitali haraka. Karani wa mizani akionekana analewa asubuhi, tusimcheke kabla ya kuuliza.

Ya pili ni kwamba mtu aliyekaa na sukari nyingi kwa miaka, ikishushwa kwa ghafla, ubovu wa macho huweza kuzidi kwa muda kabla ya kutulia. Hii si sababu ya kuacha dawa, kwani faida ya baadaye ni kubwa kuliko hasara hiyo. Ni sababu ya kutazamwa macho kabla ya kuanza matibabu makali, na kutazamwa tena karibu karibu.

Nyongeza ndogo: sukari inapopanda na kushuka, uwezo wa kuona huweza kubadilika kwa majuma kadhaa. Usinunue miwani mpya mpaka sukari imetulia, usije ukanunua miwani miwili badala ya mmoja.

Ukaguzi wa macho na matibabu

Kutazamwa macho ninakokusema si kule kusoma herufi ukutani peke yake. Mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, au hupigwa picha ya retina kwa mashine, na nyuma ya jicho huonekana wazi. Haliumi. Matone hufanya macho yaone ukungu kwa saa chache, kwa hiyo usiende ukiendesha pikipiki.

Mwenye kisukari cha aina ya pili atazamwe mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka, au kwa muda atakaoambiwa na daktari wake. Wa aina ya kwanza aanze kabla ya kutimiza miaka mitano ya ugonjwa. Mama mwenye kisukari akishika mimba atazamwe mapema, maana wakati huo ubovu huweza kwenda mbio. Mkoani Kilimanjaro mpango wa kuwapima retina wagonjwa wa kisukari ulianzishwa mwaka 2010, kwa hiyo jambo hili si la nchi za mbali peke yake.

Ubovu ukigunduliwa mapema, dawa ipo. Miale ya leza huchoma sehemu zenye njaa ya damu ili mishipa dhaifu isiote. Tangu mwaka 1976 imethibitishwa kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya upofu mkubwa kwa waliofikia hatua mbaya. Siku hizi zipo pia sindano za jicho zinazokausha maji katikati ya retina. Lakini leza hulinda kilichobaki, na mara nyingi hairudishi kilichokwisha kupotea. Mzee wetu yule alipigwa leza jicho la kulia. Anaona, anatembea shambani, na anasoma maandishi makubwa. La kushoto halikurudi.

Wajibu wetu katika vyama

Ndugu Makatibu, napendekeza mambo manne, yote madogo na yote yanawezekana.

Kwanza, kila chama kimwombe mganga wa wilaya alete wapimaji siku ya mkutano mkuu. Watu wamekwisha kukusanyika; kidole kimoja huchukua dakika moja. Shinikizo la damu lipimwe hapo hapo.

Pili, mwanachama anayejulikana kuwa na kisukari, kwa hiari yake, aandike katika kadi yake tarehe ya mwisho ya kutazamwa macho. Mwaka ukipita katibu amkumbushe kwa siri, kama anavyomkumbusha mwenye deni la pembejeo.

Tatu, pale penye mfuko wa kusaidiana, nauli ya kwenda hospitali ya macho ihesabiwe kuwa msaada halali. Nauli ya leo ni ndogo kuliko gharama ya kumwongoza kipofu miaka ishirini.

Nne, na hili nalisema kwa kujilaumu, tusiufanye ugonjwa kuwa hatia. Katibu au karani mwenye kisukari aweze kusema bila kuogopa kazi yake. Apewe ruhusa ya kliniki, apewe taa nzuri, apewe msaidizi wa kulinganisha tarakimu. Chama kinachomfukuza mgonjwa kinawafundisha wagonjwa wengine kujificha, na anayejificha ndiye anayepofuka.

Kwa wagonjwa wenyewe neno langu ni fupi. Dawa ni ya kila siku, siyo ya siku unayojisikia vibaya. Punguza sukari ya chai, soda na mbege. Pima wingi wa ugali, wali na ndizi, na uzidishe mboga. Tembea, lima, na kama unavuta tumbaku, acha. Insulini itunzwe mahali pa baridi. Asiye na jokofu aweza kutumia chungu cha udongo chenye maji, kilicho kivulini, dawa ikiwa ndani ya chombo kisichopitisha maji.

Ndugu Mwenyekiti, katika taarifa yangu ya mwaka uliofuata nilifuta neno "mzembe" nililoliandika juu ya katibu yule, nikaandika sababu iliyo kweli. Neno la karatasini lilifutika kwa mstari mmoja wa wino. Jicho lake halikuwa na njia hiyo. Tangu hapo, katika kila chama ninachokikagua, nikimaliza vitabu humuuliza katibu: "Na macho yako, yalikaguliwa lini?"

Nanyi nawaombeni mkaulizane hivyo hivyo mtakaporudi vijijini.